Metal Gear Solid V: masikio tumepewa, mdomo tumenyimwa

Wandugu wahitimu, na nyinyi wadogo zetu mungali kwenye oditwari: leo naweka mbegu na mbolea kando. Nataka tuseme juu ya mchezo wa video, Metal Gear Solid V: The Phantom Pain, uliotoka tarehe 1 Septemba 2015. Najua, ni wa zamani. Lakini huku kwetu mchezo haufi siku umepitwa. Unaanza kuishi siku bei ya diski imeshuka na PS3 za mkono wa pili zimefika sokoni. Ku Kilibula bado nasikia vijana wanabishana juu yake kama vile umetoka jana. Mmoja anasema huu njo Metal Gear mzuri kupita yote. Mwingine anasema hapana, umetudanganya, hadithi haina mwisho.

Mimi naona wote wawili wako na haki. Lakini kuna jambo la tatu ambalo kwenye ubishi ule sijalisikia: nusu ya mchezo huu inachezwa kwetu, mu Zaire ya 1984, ku mpaka na Angola. Kwa hiyo hatuwezi kuuhukumu kama vile kijana wa Tokyo ao wa Paris anavyouhukumu. Yeye anauliza kama ni mtamu. Sisi tunauliza hilo, halafu tunaongeza: je, wametuona?

Nawaambia mapema, nitataja mambo ya mwisho wa hadithi. Ambaye hajacheza na anataka kushangaa mwenyewe, asimamie hapa, arudi akimaliza.

ULIPOTOKA

Metal Gear ya kwanza ilitoka 1987 kwenye kompyuta ya MSX2, chini ya Hideo Kojima wa kampuni ya Konami. Wazo lake lilikuwa geni wakati ule: mchezo wa vita ambamo mwenye akili ni yule anayekwepa vita. Unajificha, unapita nyuma ya mlinzi, unaingia, unatoka. Mwaka 1998 ikaja Metal Gear Solid kwenye PlayStation, na dunia ikamjua Snake. Ya nne, ya 2008, ilikuwa na sehemu za kutazama tu ndefu sana. Mwishoni unaweza kuweka maharagwe ku moto, yakaiva, na watu kwenye ekrani bado wanazungumza. Mwaka 2010 ikaja Peace Walker, ambamo jina la Che Guevara linarudi mara na mara. Sisi wa ziwa hili tunacheka kidogo tukisikia hivyo, kwa sababu huyo Che alivuka Tanganyika kutoka Kigoma mu mwezi wa nne 1965, akashukia Kibamba, kule Fizi, na jina lake la vita lilikuwa la Kiswahili: Tatu.

Basi ya tano inaendeleza hapo. Big Boss alishambuliwa 1975, akalala miaka tisa bila fahamu, akaamka 1984 mu hospitali ya Kipro, mkono wa kushoto haupo. Anajenga jeshi jipya la kukodiwa, Diamond Dogs, lenye kambi baharini karibu na Shelisheli. Kazi za kwanza ni Afghanistan, dhidi ya Wasovieti. Baadaye anakuja ku mpaka wa Angola na Zaire, ambapo anapambana na majeshi ya makampuni binafsi.

Na ninyi munaocheza mupira tu, musiseme kwamba hayo hayawahusu. PES, tangu ile ya 2014, ilijengwa juu ya injini ileile iliyobeba mchezo huu, Fox Engine. Vidole vyenu vimekwisha kuonja.

KIZURI CHA KWANZA: MIKONO

Nianze na sifa, juu zinastahili. Sijaona mchezo mwingine wa namna hii unaomwachia mchezaji uhuru hivi. Unaambiwa: ndani ya kambi ile kuna mtu, mtoe. Basi. Namna ya kumtoa ni shauri yako. Unaweza kuingia usiku kwa tumbo. Unaweza kukata umeme wa kambi, walinzi wakakimbilia gizani, ukapita. Unaweza kutuma mbwa. Unaweza kujificha ndani ya boksi la karatoni, kichekesho cha zamani cha Metal Gear, na ukapelekwa na gari lao wenyewe mpaka katikati ya kambi. Mlinzi uliyemlaza unamfunga baluni, anapaa mpaka kambi yako, na kesho anakutumikia. Baluni hiyo inabeba hata mbuzi. Mtu aliyesoma mifugo atafurahi: mbuzi wa Boer wamo, wa Nubia wamo. Okapi naye yumo, ijapokuwa okapi wa kweli anaishi mu pori zito la kaskazini-mashariki ya nchi yetu, si kule ku nyasi za mpaka wa Angola.

Kinachonipendeza kuliko vyote ni kwamba adui anajifunza. Ukizoea kumpiga risasi ya kichwa, baada ya siku chache walinzi wote wamevaa kofia za chuma. Ukishambulia usiku kila mara, wanaleta miwani ya kuonea gizani. Ukitumia gesi ya usingizi, wanavaa maski. Mtu wa agronomia anaelewa mara moja. Ukipulizia dawa moja shambani msimu kwa msimu, wadudu wanaobaki ni wale wasioiogopa, na mwaka wa nne unamwaga dawa kama maji bure. Dawa ya jambo hilo ni kubadilisha. Mchezo unakufundisha vilevile bila kukuhubiria: mwenye mbinu moja atakwama. Na unaweza kutuma watu wako wakachome ghala ya kofia, adui akarudi kichwa wazi. Kila uamuzi una alama inayobaki kesho yake.

Njo maana katika zawadi za The Game Awards za 2015 ulipata ile ya mchezo bora wa mapigano na safari. Kwa upande wa mikono, hakuna wa kubisha.

KIZURI CHA PILI: MASIKIO

Hiki njo kilichonifanya niandike. Mu michezo mingi askari wa kila nchi wanaongea Kiingereza. Hapa hapana. Walinzi wa Afghanistan wanaongea Kirusi, na wewe huelewi kitu mpaka utafute mkalimani, umbebe na baluni, umweke kazini. Ukifika Afrika unaanza tena: unahitaji mkalimani wa Kiafrikaans na wa Kikongo. Kabla ya kumpata, unamkamata mtu, unamuuliza, anakujibu, na jibu lake ni kelele tu sikioni mwako. Mwanajeshi mwenye silaha zote za dunia anakuwa kiziwi. Naona ni heshima fulani: mchezo unakubali kwamba lugha ya mtu mwingine ni mlango, na funguo zake lazima uzitafute.

Kikongo chenyewe hakikuwekwa ovyo. Kule ku mpaka wa Angola, Bas-Zaire ya wakati ule, njo lugha ya watu kweli. Angalia majina ya mahali. Kuna kituo kinaitwa Munoko ya Nioka. Mtu wa Uvira hahitaji mkalimani: mdomo wa nyoka. Mfinda ni pori. Lufwa ni kifo. Kuna shamba kubwa linaitwa Bampeve, na mpeve ni upepo, ni roho. Aliyechagua majina haya alifungua kamusi. Ukilinganisha na Far Cry 2 ya 2008, ambamo nchi nzima ya Afrika haina hata jina, hapa kuna kazi imefanyika.

Halafu hadithi yenyewe ni juu ya lugha. Adui mkubwa, Skull Face, alinyang'anywa lugha yake utotoni. Sasa ana vimelea vinavyokaa mu koo ya mtu na kuamshwa na lugha fulani: ukiiongea, unakufa. Anataka kuua Kiingereza. Kabla ya hapo anajaribia dawa yake juu ya nani? Juu ya watu wa huku.

Kisha kinakuja kipande ambacho sitasahau. Ugonjwa unaingia mu kambi yako. Watu wanaanza kufa na hujui sababu. Unafungua orodha ya askari wako, unatafuta wagonjwa wanafanana kwa nini. Hakuna anayekuambia. Mpaka unaona: wote wanaongea Kikongo. Na hapo, kwa kidole chako mwenyewe, unaanza kuwatenga, mmoja mmoja, kwa lugha yao. Huyu anaongea Kikongo, apelekwe karantini. Huyu pia. Ni mzima, hajakohoa hata mara moja, lakini lugha yake imo kwenye orodha.

Sisi wa huku tunajua maana ya mtu kupangwa kwa lugha yake. Tunajua kizuizi cha barabarani ambapo unaambiwa sema neno fulani tusikie unavyolitamka. Sitaji kabila, hakuna haja, kila mmoja ana mfano wake. Mchezo umenifanya niwe yule aliyeshika orodha, na sababu yake ilikuwa nzuri, nilikuwa naokoa wengine. Hapo nikaelewa kitu: wenye orodha daima wana sababu nzuri. Ni vitabu vichache vimenifikisha hapo.

Ingekuwa mchezo wote ni hivyo, makala ingeishia hapa.

KIBAYA CHA KWANZA: HADITHI ILIYOKATWA

Upande wa hadithi, wanaolalamika wana haki. Sura ya kwanza inafunga vizuri, Skull Face anaanguka. Sura ya pili inaanza kwa vishindo, halafu unagundua kwamba misheni zake nyingi ni zile za zamani zimerudishwa, zimeongezwa ugumu tu: hii bila silaha, hii usionekane hata mara moja. Ni kama mpishi anayekurudishia bugali ya jana na pilipili nyingi. Misheni ya 46, inayofunua kwamba huyu Snake tunayemchezea si Big Boss wa kweli, inakurudisha mu hospitali ile ya mwanzo na kukuchezesha karibu vilevile, hatua kwa hatua. Siri yenyewe ni nzuri. Njia ya kuifikia inachosha.

Hadithi nyingine imefichwa mu kanda za kaseti unazosikiliza mwenyewe wakati unatembea. Kojima alitoka kwenye kuongea sana mu ya nne, akaanguka kwenye kunyamaza sana mu ya tano. Snake, kwa sauti ya Kiefer Sutherland, anapita muda mrefu hatoi neno. Na mu nyumba ya PlayStation, penye jenereta inanguruma na watu kumi wanapiga kelele za goli, nani atasikiliza kaseti ya dakika saba? Maandishi ya Kifaransa yapo chini, lakini ukisoma, adui anakuona.

Kuhusu ugomvi wa Kojima na Konami mwaka ule, dunia yote iliona: jina lake liliondolewa ku jalada la mchezo kabla haujatoka, na mwisho wa 2015 akaanzisha nyumba yake. Mchezaji aliyelipa pesa yake hana kesi mu ugomvi huo. Anahukumu diski iliyo mkononi.

Tena kuna Quiet, mwanamke mlenga shabaha, mpiganaji bora kupita wanaume wote wa kambi. Wamemvalisha karibu na uchi vita vyote, na sababu yao ni kwamba anapumua kwa ngozi. Dada zetu wanaosoma hapa watacheka, halafu watakasirika, na ni sawa. Umemtunga mtu mwenye nguvu namna hiyo, kisha kamera yako inamfuata kama kijana asiye na adabu kwenye kituo cha teksi. Huko ni kumharibu.

KIBAYA CHA PILI: NCHI BILA WATU

Sasa naongea kama agronomu. Zunguka ramani yote ya Zaire ya mchezo huu. Kuna kambi, kuna uwanja wa ndege, kuna mgodi wa Kungenga, kuna visima vya mafuta vya Mfinda, na misheni ya huko inakutuma usimamishe mafuta yanayochafua maji ya mto. Maji hayo yananywewa na nani? Huwaoni. Kuna vijiji, lakini ndani kuna walinzi wenye bunduki. Hakuna mama anayetwanga sombe. Hakuna moshi wa jiko. Hakuna soko, hakuna mtoto anayeendesha mbuzi, hakuna mzee amekaa chini ya muembe. Wenye ngozi kama yetu ni askari, ni mfungwa, ao ni mtoto mwenye bunduki. Shamba la Bampeve, shamba la roho, limepewa jina linalolifaa kabisa: waliolilima ni mizimu kweli.

Hata mimea. Mchezo unakuchumisha mimea ya dawa, na kati yake kuna matunda ya pori ya Afrika ya kweli. Lakini ni mimea ya kuchuma tu. Hakuna mmoja umepandwa na mtu. Mu Bas-Zaire, nchi ya muhogo!

Ngoja niwaambie nini kilikuwa kinaendelea kule kwa kweli. Tangu mwanzo wa miaka ya 1970, mdudu mdogo mweupe kama amepakwa unga, aliyetoka Amerika ya Kusini, alikuwa anamaliza muhogo wa Zaire na Kongo-Brazzaville. Majani yanajikunja, sombe hakuna, mizizi inabaki midogo. Watafiti walienda kumtafutia adui yake kule alikotoka, wakampata mu Paraguay: nyigu mdogo sana anayetaga yai ndani ya mdudu huyo. Walianza kumwachilia Nigeria 1981, kisha mu nchi nyingi za Afrika, Zaire ikiwemo. Muhogo ukapona. Hans Herren, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995.

Munaona? Mu miaka ileile ambayo Kojima anaweka vimelea vya kubuni mu koo za watu wa Zaire, huko huko Zaire kulikuwa na vita vya kweli vya vimelea, na mkulima njo alikuwa mu mstari wa mbele. Simlaumu kwa kutojua habari ya muhogo. Namlaumu kwa kuchora nchi ambamo habari kama hiyo haingeweza kutokea, kwa sababu hakuna wa kutokewa.

Nimesikia utetezi: mchezo ulilazimika kufanya kazi pia ku PS3 na Xbox 360, mashine za 2006 na 2005, hazina nguvu ya kubeba watu wengi. Na vijiji vya Afghanistan vilevile ni vitupu, si sisi tu. Nakubali yote mawili. Lakini sikuomba soko zima. Weka jembe limeegemea ukuta. Weka nguo ku kamba. Na zile kaseti? Kanda moja ya mama anayeeleza kwa nini alikimbia kijiji haichukui nafasi yoyote mu mashine. Kanda za wakubwa wanaojadili dunia zipo nyingi. Ya mwenye shamba sijaikuta. Mchezo uliotufundisha kutafuta mkalimani ulimpata mkalimani, kisha ukakosa mtu wa kumtafsiri.

KIBAYA CHA TATU: SHABANI NA ELI

Niliacha hili mwisho, juu ni zito.

Mu misheni ya 18 unatumwa ku mgodi wa Kungenga kuua wafungwa. Unafika, kumbe wafungwa ni watoto. Snake anakataa kazi, anawatoa. Mmoja ameumia mguu, inabidi umbebe, na wengine wanakufuata polepole mu njia yenye walinzi. Ni kipande kizuri sana cha mchezo. Tena kuna sheria moja inayopita zote: mtoto hauawi. Hata kama amekuelekezea bunduki. Ukimuua, mchezo umekwisha papo hapo. Mu mchezo unaokuruhusu kila kitu, hicho kimoja umekatazwa. Nawapongeza.

Mtoto mmoja anaitwa Shabani. Jina hilo linanigusa, kwa sababu Shabani si jina la mbali. Ukiita hivyo mu avenue yoyote ya Uvira, wawili watageuka. Shabani amepelekwa kwenye ile nyumba ya majaribio ya vimelea. Snake anamfuata, anamkuta ukingoni mwa kufa, na haokoki. Mtoto wa kwetu amepata jina, na jina hilo limetumika ili kifo chake kituume.

Mwingine anaitwa Eli. Watoto wenzake wanamwita Nyoka ya Mpembe, nyoka mweupe, juu ni mzungu, mtoto Mwingereza ambaye wapenzi wa Metal Gear wanajua atakuwa nani baadaye. Ana hasira, ana maneno, ana historia, ana kesho. Watoto weusi kumi na kitu wanamzunguka, wanamtii, wanamfuata. Ukiniuliza majina yao, sina. Mwishoni Eli anaiba mashine kubwa ya vita na kuondoka nayo, na wao wanapanda nyuma yake. Misheni iliyopaswa kueleza kilichowapata, ya 51, ilikatwa. Vipande vyake ambavyo havijakamilika viliwekwa ku diski ya ziada ya toleo la gharama. Jina lake, Ufalme wa Nzi, linakumbusha riwaya ya William Golding ya 1954, ya wavulana Waingereza waliopotea kisiwani. Yaani hata mahali ambapo watoto wetu wangepata mwisho wao, walikuwa wameandaliwa kukaa mu hadithi ya watoto wa wengine.

Wengi wanalilia misheni ya 51 juu ya Eli. Mimi naililia juu ya wale wengine.

Na kabla ya kukatwa, mchezo ulikuwa umeuliza swali sahihi. Watoto wakifika kambini, Miller anataka wasome, wajifunze kazi, wasiguse bunduki. Wao wanataka bunduki. Wanaiba vitu, wanapigana, wanauliza kwa nini wasipigane wakati wanajua kupigana. Hapo njo penye ukweli. Vita vya AFDL vya 1996 vilianzia pande zetu hizi, na neno letu la Kiswahili, kadogo, likasambaa mu magazeti ya dunia. Tarehe 14 Machi 2012 Mahakama ya Kimataifa ya La Haye, mu hukumu yake ya kwanza kabisa, ilimtia hatiani Thomas Lubanga kwa kuingiza watoto jeshini kule Ituri. Kumtoa mtoto porini, dunia imejua kwamba inafaa. Swali ni siku ya pili yake.

Nimefanya kazi kidogo na vijana waliotoka porini. Wanapewa jembe, mfuko wa mbegu, siku kadhaa za mafunzo, na picha inapigwa. Jembe bila shamba ni chuma tu. Mmoja aliniuliza: mbegu hizi nizipande mu kiganja? Sikuwa na jibu lililoandikwa mu kozi zangu. Mchezo wenye pesa na akili kama huu ulifika mpaka ku mlango wa swali hilo, ukagonga, kisha ukaondoka kabla mlango haujafunguliwa.

BASI TUUCHEZE?

Ndiyo. Uchezeni. Kwa mikono, ni wa juu kabisa katika mfululizo wote, na hauombi intaneti kwa hadithi yake. Ile sehemu ya kushambuliana kambi ku mtandao iacheni, itakula mega zenu bure. Mwenye PS3 asiogope, unaenda vizuri, ila sura yake ni hafifu kuliko ku PS4. Sikilizeni kaseti usiku, kukiwa kimya. Na mukifika kwenye orodha ile ya Kikongo, musiharakishe. Someni majina kabla ya kubonyeza.

Kwa hadithi, naupa nusu. Kwa namna ulivyotuona, naupa chini ya nusu, na si kwa chuki. Wengi hawakutuona kabisa. Huu ulisikia lugha yetu, ukaandika majina ya vijiji vyetu karibu sawa, ukajua kwamba mtoto hauawi. Aliyefika karibu hivyo njo anayestahili kuambiwa alichokosa. Mgeni asiyepita kwako humdai kitu. Aliyeingia, akakaa, akala, akaondoka bila kuuliza jina la aliyempikia, huyo utamsema.

Kuna wenzetu hapa wamesoma informatika, wengine historia, wengine lugha. Sijui kutengeneza mchezo, na sitajifanya najua. Lakini mmoja wenu akianza siku moja, hata kidogo tu wa ku telefone, nitampa bure kalenda ya muhogo ya mwaka mzima, majina ya mbegu, na mwezi ambao moshi unaonekana juu ya vilima. Na ningependa mtoto wa kwanza atakayetokea ku ekrani aitwe Shabani, awe na miaka kumi na mbili, na afike mwisho wa hadithi akiwa hai.